Mchukuzi wa Owino Anapoambiwa Afanye Mazoezi

Tangu saa kumi na mbili asubuhi amebeba marobota ya mitumba kutoka kwenye lori hadi ndani kabisa ya soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo sisi wote tunaliita Owino. Sasa anaingia chumba cha tiba ya viungo, mkono mmoja umeshika kiuno. Mgongo unamuuma, huu ni mwaka wa tatu. Anapimwa, anaulizwa maswali, kisha anaambiwa: "Ssebo, dawa yako ni mazoezi." Ananyamaza. Halafu anauliza kwa upole, bila ubishi: "Mazoezi gani tena, daktari? Mimi si nashinda nikifanya mazoezi?"

Wachukuzi wa namna hiyo ni wengi, na hapa nimewaunganisha kuwa mmoja. Swali lao ni la haki. Wengi wetu tunaotibu migongo Kampala tumelikwepa kwa miaka, tukawapa karatasi yenye michoro ya mtu mwembamba amelala kwenye mkeka, tukawaaga. Karatasi hiyo huishia mfukoni, kisha kwenye ndoo ya kufulia.

Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha katika jarida la Lancet Global Health hesabu ya nchi 168. Walitaka kujua ni watu wangapi katika kila nchi wasiofikia hata kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili. Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Uganda na Msumbiji zilikuwa mkiani, kila moja na takriban asilimia 6 tu. Vyombo vya habari vikatusifu kuwa ndio watu wakakamavu kuliko wote duniani. Mwaka huohuo yakatoka mapitio ya tafiti za maumivu ya mgongo barani Afrika, yakakadiria kwamba ukiwasimamisha watu 100 siku yoyote, 39 watakuambia mgongo wa chini unawauma leo. Hospitali ya Mulago yenyewe ilikuwa imeliona jambo hili mapema: mwaka 2005 na 2006 Dk. Moses Galukande na wenzake walichapisha katika African Health Sciences matokeo yao kuhusu vyanzo vya maumivu ya mgongo wa chini kwa wagonjwa wa hospitali hiyo, na namna yanavyowazuia kufanya shughuli zao.

Weka hesabu hizo mbili pamoja. Kama kutoa jasho peke yake kungekuwa tiba, jiji hili la vilima na madumu ya maji lisingekuwa na mgongo unaouma. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya mazoezi tiba ambacho hakimo katika kazi ya kubeba. Tukishindwa kumweleza mchukuzi kitu hicho ni nini, hatuna haki ya kumlaumu kwa kutorudi.

Kwanza, tuelewane juu ya maumivu tunayoyazungumzia. Ni maumivu sugu, yaliyopita miezi mitatu, yanayokaa kati ya mbavu za mwisho na makalio, na ambayo uchunguzi hauoneshi ugonjwa maalumu nyuma yake. Wagonjwa wengi sana wa mgongo wako katika kundi hili. Lakini si wote, na katika nchi yetu hatuwezi kuharakisha sentensi hii. Kifua kikuu hakiishii kifuani. Hula pia pingili za uti wa mgongo, jambo ambalo daktari wa upasuaji Percivall Pott alilieleza London mwaka 1779 na ambalo bado tunakutana nalo Kampala. Homa ya brusela, inayotokana na maziwa mabichi na mifugo, nayo huja na maumivu ya mgongo. Basi mtu mwenye mgongo unaouma anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku, mwenye homa zisizoeleweka, aliyewahi kuwa na saratani, au aliyeanguka vibaya kutoka kwenye boda, asianzishiwe mazoezi kabla daktari hajamchunguza. Na yeyote anayepoteza udhibiti wa mkojo au haja kubwa, au anayehisi ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au ambaye miguu inamlegea, aende hospitali leo hii. Asisubiri kesho. Yote ninayoandika kuanzia hapa yanawahusu wale waliokwisha kuchunguzwa na kukutwa hawana dalili hizo za hatari.

Turudi kwa mchukuzi. Robota la mitumba lina kilo 45 au zaidi. Jumatatu, mgongo ukiwa mzima, lina kilo 45. Jumatano, mgongo ukiwa umekaza usiku kucha, lina kilo zilezile. Sokoni hakuna robota la kilo kumi la kuanzia. Zaidi ya hapo, analipwa kwa safari, hivyo muhula wa shule unapofunguliwa anabeba zaidi, si kwa sababu mwili wake umeimarika bali kwa sababu ada inadaiwa. Mzigo wake unafuata kalenda ya shule na ya Krismasi. Haufuati misuli yake. Kupumzika hupumzika pale tu lori likichelewa.

Mazoezi tiba ni kinyume cha haya yote. Mzigo unachaguliwa kulingana na mwili wa leo. Unaongezwa kidogo kidogo, kwa mpango. Baada yake kuna mapumziko, kwa sababu msuli na kano hujijenga wakati wa kupumzika, si wakati wa kubeba. Na anayeamua kusimama au kuendelea ni mwenye mgongo, si mwenye duka. Mtafiti wa Denmark, Andreas Holtermann, na wenzake wameandika kwa miaka juu ya tofauti hii: shughuli nzito ya mwili wakati wa mapumziko huinufaisha afya, hasa ya moyo, ilhali shughuli nzito ya kazini, ya saa nyingi bila kupumzika na bila uhuru wa kuipanga, haileti faida hiyo na inaweza hata kudhuru. Wao walianzia kwenye moyo. Kwa niliyoyaona, mgongo hauko mbali.

Hata hivyo kuna jambo la pili, na ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Kwa miaka tulidhani mazoezi yanatibu mgongo kwa kuongeza nguvu za misuli. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tafiti zilipopima nguvu na unyumbufu kabla na baada ya tiba, ziligundua kwamba aliyepata nafuu zaidi si lazima awe aliyeongeza nguvu zaidi. Kuna kitu kingine kinachobadilika, nacho kiko katika mfumo wa neva. Mfikirie askari wa getini katika nyumba iliyovunjwa na wezi. Kabla ya wizi alimruhusu muuza mkaa, jirani, watoto wa shule. Baada ya wizi anamsimamisha kila mtu, hata baba mwenye nyumba anaporudi usiku. Getini hakuna mwizi tena, ila askari ameumia moyo na sasa anapiga kelele kwa kila kivuli. Maumivu sugu huenda hivyo mara nyingi. Tishu zilizoumia mwanzoni zilishapona, lakini ulinzi ulibaki juu. Mtu huyo ukimlaza kitandani, askari hapati nafasi ya kuona kwamba wageni wa leo si wezi. Ukimrudisha kuinama hatua kwa hatua, kwa mzigo mdogo, mara kumi, mara ishirini, siku baada ya siku, bila madhara yoyote, askari anaanza kuwatambua wenyeji.

Kazi ya sokoni haimfundishi askari huyo somo hili. Kila robota ni kama jaribio jingine la kuvunja mlango. Mtu anabeba huku amebana pumzi, amekaza mgongo mzima, anaogopa, na akili yote iko kwenye maumivu. Anachojifunza mwili wake kutokana na siku ile ni kwamba hofu ilikuwa na haki.

Sasa, mazoezi yanasaidia kiasi gani? Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu mgonjwa aliyeahidiwa kupona kabisa huacha mapema kuliko aliyeambiwa ukweli. Mwaka 2021 Jill Hayden wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, na wenzake waliweka pamoja majaribio 249 yenye washiriki zaidi ya 24,000 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Ukilinganisha na wasiopata tiba, au waliopata huduma ya kawaida, waliofanya mazoezi walipungukiwa na maumivu kwa wastani wa pointi 15 katika kipimo cha 100. Uwezo wa kufanya shughuli uliongezeka pia, kwa pointi 7 hivi, ambazo ni chache. Kwa maneno mengine, mwenye maumivu ya 60 ategemee 45 kwa wastani; wengine watapata zaidi, wengine chini ya hapo. Pointi 15 si muujiza. Kwa mtu ambaye hawezi kumfunga mtoto wake mgongoni, zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya kumbeba na kutombeba.

Tazama pia njia mbadala zilivyo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Programu za mazoezi zimo katika yanayopendekezwa, pamoja na elimu kwa mgonjwa, baadhi ya tiba za mikono, tiba za kisaikolojia, na dawa za kutuliza maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Miongoni mwa yasiyopendekezwa kutumika kwa kawaida ni mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, na dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni. Nenda katikati ya jiji uone mikanda inavyonunuliwa. Simlaumu muuzaji, wala mnunuzi anayetafuta kitu cha kumshika. Ila mkanda unaovaliwa kutwa nzima humwambia mtu kila saa kwamba mgongo wake hauwezi kujitegemea, na ujumbe huo ndio ugonjwa wenyewe tunaopambana nao.

Picha nazo zina sehemu yao katika hofu hii. Mtu anajinyima, anakopa, anapiga MRI, anarudi na bahasha na neno moja: diski. Diski imetoka, diski imechakaa. Tangu siku hiyo hainami. Lakini mapitio yaliyochapishwa mwaka 2015, ya picha za watu ambao mgongo hauwaumi kabisa, yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa kwa diski ni kama mvi. Kunakuja na umri, na wengi hawajui hata kama wanako. Pale ambapo picha inahitajika kwa sababu ya dalili za hatari nilizozitaja, ipigwe bila kuchelewa. Pale ambapo haihitajiki, fedha ile ingelipa nauli za wiki nyingi za matibabu.

Basi mazoezi yenyewe ni yapi? Hapa Kampala nimekuja kuamini kwamba chombo bora cha tiba ya mgongo kinapatikana karibu kila nyumba, nacho ni dumu la maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na madumu yanauzwa ya lita 3, 5, 10 na 20. Hiyo ni ngazi kamili ya uzito, inayopimika na isiyogharimu kitu. Mgonjwa anaanza na dumu la lita 5 juu ya kigoda, si chini. Anarudisha makalio nyuma kama anayetaka kukalia kiti kilicho mbali, magoti yamelegea kidogo, anapumua, analiinua na kulirudisha. Mara 8, anapumzika dakika moja au mbili, anarudia mara 8 tena. Mara tatu kwa wiki. Likiwa jepesi, anaongeza lita mbili. Baadaye kigoda kinaondolewa, dumu linakaa chini. Akifika lita 20 kutoka sakafuni bila kubana pumzi, ameshapita sehemu kubwa ya safari. Pamoja na hilo anasimama na kukaa kwenye benchi bila kutumia mikono, analala chali na kuinua kiuno kama daraja, na anatembea na dumu dogo kila mkono, hatua 20 kwenda, 20 kurudi.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kosa. Kanuni ninayoitumia ni hii: yasipite 4 au 5 katika 10, na kesho asubuhi mgongo uwe ulivyokuwa jana asubuhi. Ukiamka umekaza kuliko kawaida, hukuharibu kitu. Ulizidisha dozi tu. Punguza lita mbili, endelea. Kanuni hii rahisi imewaokoa wagonjwa wengi na ile tabia ya kuanza kwa pupa Jumatatu na kuacha kabisa Alhamisi.

Kwa asiyependa madumu, kuna kutembea. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walichapisha katika Lancet jaribio la watu wazima 701 ambao maumivu ya mgongo yalikuwa yametoka kupoa. Nusu walipewa mpango wa kutembea, wakilenga dakika 30 mara tano kwa wiki, pamoja na elimu kutoka kwa mtaalamu wa viungo. Waliotembea walikaa siku 208, kwa kipimo cha katikati, kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa mpango walikaa siku 112. Kampala ina vilima vya kutosha kuongeza dozi bila mashine: anza tambarare, mwezi wa pili panda Namirembe polepole, ukifika juu tulia, uteremke.

Na ni zoezi gani linaloshinda mengine? Tafiti hazijatupa mshindi wa wazi. Ndiyo maana namwuliza mgonjwa kwanza ni nini alichoacha kufanya ambacho moyo wake unakitamani. Jibu hilo ndilo linaloniandikia mpango. Mzee wa Kibuli ananiambia anaswali kwenye kiti mwaka wa pili, na anaona haya mbele ya wajukuu. Swala tano za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, kwa hiyo rukuu 17 na sijida 34. Hakuna programu ya hospitali itakayompa mtu mwinamo uliopangwa vizuri hivyo, kwa nyakati zilizotengana, kila siku ya maisha yake. Tunaanza na rukuu ya nusu, mikono juu ya meza, kisha juu ya kigoda, kisha magotini. Sijida inafuata. Mama wa Kiganda anataka kupiga magoti amsalimie mama mkwe wake kama alivyolelewa. Basi kupiga magoti ndilo zoezi lake, kwa mto mnene kwanza, kisha mwembamba, kisha mkeka mtupu. Na mama anayefua nguo akiwa ameinama juu ya beseni saa mbili mfululizo simwambii aache kuinama. Namwambia afue robo saa, asimame, aanike zilizo tayari, arudi. Kufua kukikatwa vipande namna hiyo, kunakaribia kuwa tiba.

Waendesha boda ni kisa kingine. Wao hawabebi; wanakaa, wanatikiswa na mashimo na matuta kutwa nzima, wamejikunja mbele. Pikipiki mara nyingi si yao, na mwenye nayo anadai hesabu yake hata kama dereva ameshinda kwenye foleni ya tiba ya viungo. Kumwambia apumzike ni kumwambia asile. Ninachomwomba ni kwamba kila anaporudi steji bila abiria, ashuke. Asimame wima, ajinyooshe nyuma mara 10, atembee hadi mwisho wa steji na kurudi. Jioni, dumu. Steji moja yenye watu 15 wakifanya hivyo pamoja ina nguvu kuliko karatasi zangu zote, kwa kuwa mtu haachi kirahisi jambo ambalo wenzake wanamwona akilifanya.

Gharama inanirudisha mahali panaponiuma. Ada za wagonjwa katika vituo vya serikali zilifutwa Machi 2001, na wadi za kulipia pekee ndizo zilizobaki nje ya uamuzi huo. Lakini mchukuzi wetu hashindwi na ada ya chumba cha mazoezi; anashindwa na nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea. Akifika baada ya kujinyima hivyo, mara nyingi mno anakuta nini? Analazwa kifudifudi, anawashiwa taa ya joto, anachuliwa, anaunganishwa na mashine inayotetemesha misuli, anaambiwa arudi Jumatatu. Anajisikia vizuri hadi afike barabarani. Nayasema haya juu ya taaluma yangu mwenyewe nikiwa naipenda. Joto na kuchua vina nafasi yao. Vinamfungulia mgonjwa mlango aweze kusogea. Vikiwa ndiyo tiba nzima, tumemfundisha kwamba mgongo wake hutengenezwa na mtu mwingine, akiwa amelala.

Ningependa ziara nne au tano tu katika wiki 12, badala ya kumi na tano. Ziara ya kwanza iwe ndefu, ya kusikiliza, kuchunguza dalili za hatari na kujaribu dumu la kwanza pale pale chumbani. Katikati kuwe na ujumbe wa sauti kwenye simu, wa Kiganda, wa Kiswahili kwa Wakongo na wengine tulio nao jijini, wa lugha yoyote ambayo mtu anaogopea nayo. Wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani wanaweza kufundishwa ngazi ya madumu pamoja na dalili za hatari; hakuna sehemu yake inayohitaji umeme.

Na mchukuzi? Jibu langu kwake siku hizi huanza na kukubali. "Ni kweli, ssebo, unafanya kazi kuliko mimi. Lakini lile robota halijawahi kukuuliza leo unaweza ngapi. Hili dumu litakuuliza." Kisha tunatafuta mahali kazini ambapo mzigo unaweza kusikia: kubeba wawili robota zito pale inapowezekana, kuweka chini katikati ya njia badala ya kukimbia hadi mwisho, kupokezana siku za lori kubwa. Baadhi ya haya hayatawezekana, na hapo ni wajibu wa wenye bidhaa na viongozi wa soko, si wa mgongo wake. Mengine yatawezekana. Tunachukua dumu la lita 5, ambalo kwake ni kitu cha mtoto, na ninamwomba aliinue polepole, akipumua. Mara ya tatu au ya nne hivi, mkono wake mwingine unaacha kushika kiuno.